Beldina Nangobi, Mjane Aliyetaka Padri Achunguzwe

Alizaliwa Jinja mwaka 1934, katika nyumba ya seremala, akabatizwa Beldina. Aliolewa na Isabirye, karani wa reli, mtu mpole ambaye hata kuku alichinjiwa na jirani. Mwaka 1977, enzi ya utawala wa kijeshi, mtu asiyejulikana hadi leo aliwanong'oneza askari kwamba Isabirye anaficha bunduki. Wakamchukua akiwa kazini, asirudi tena. Beldina hakupata hata kaburi la kulilia. Akahamia Mbale kwa dada yake, akawa katekista wa parokia yetu, akifundisha kwa Kiswahili ambacho mapadri walikicheka na watoto walikielewa.

Vita vya mwaka 1979 vilipotufikia, paroko wetu, Padri Matia, aliwaficha kanisani watu zaidi ya arobaini, Wakristo kwa Waislamu. Tulimpenda kupita kiasi, na mimi ninayeandika sikuwa nyuma.

Basi mwaka 1982 mwanamke kijana aliyefua nguo za altare alimweleza Beldina kwamba Padri Matia amemnajisi. Jina lake hatuliandiki, kwa kuwa Beldina alituusia hivyo. Halmashauri ya parokia ikaghadhibika, si kwa padri, bali kwa yule mwanamke. Miaka ya askari ilikuwa imetufundisha kwamba anayemshtaki mwenzake ni mpelelezi, na maneno ya mpelelezi huua. Mwenyekiti wetu, Mzee Masaba, alimuuliza, "Nani amekutuma?" Hakuna aliyemuuliza alichotendewa. Tukaazimia afukuzwe.

Hapo Beldina akasimama. "Mzee, mimi najua uongo. Uongo ilikula bwana yangu. Ilijificha, haikutaka mtu aiulize. Huyu binti amekuja mchana, ametaja jina yake, anasema muulize. Kama padri iko safi, kuuliza haitamuua."

Siku ileile tukamvua ukatekista. Aliitwa msaliti, na sokoni akageuziwa visogo. Aliumia sana, lakini hakumtangaza padri barabarani. Alimtafutia yule mwanamke hifadhi kwa Zaituni, mfanyabiashara wa Kiislamu, mmoja wa wale waliofichwa kanisani. Zaituni hakusita. "Padri aliokoa mimi," alisema. "Sasa huyu, nani ataokoa?"

Kisha Beldina akamsindikiza yule mwanamke hadi polisi, na kutoka huko akaenda kwa askofu na maombi mawili: padri akae mbali na altare hadi ukweli ujulikane, na wachunguzi wasiwe watu wa parokia yetu, maana sisi tulikuwa tumekwisha kuamua. Askofu akakubali. Wanawake wengine wawili wakapata ujasiri wa kusema. Padri Matia alikiri mbele ya hakimu, akafungwa. Mzee Masaba alikwenda mwenyewe kumwomba radhi yule mwanamke, na Beldina akarudishiwa darasa lake.

Wapo wanaosimulia wagonjwa waliopona kwa sala zake. Hayo Kanisa litayapima. Muujiza niliouona kwa macho yangu ni kwamba tulidhani ukweli utalibomoa kanisa, na Pasaka iliyofuata watu walijaa hadi uani. Beldina alifariki mwaka 1998, akiwa bado anafundisha.

Tumuige, ndugu waamini. Najivunia parokia yetu kwa sababu padri mpya anapofika, wazee humwambia siku ya kwanza, waziwazi, kwamba hapa anayelalamika husikilizwa, awe nani, dhidi ya yeyote. Tumewapokea mapadri saba tangu hapo. Hakuna hata mmoja aliyeomba ahamishwe.