Mimi na Babu Tulivyopasuliwa Ngiri Siku Moja

Babu yangu alikuwa na ngiri ya kinena upande wa kulia, mimi upande wa kushoto. Siku tulipojua kwamba tuko wawili tulicheka mpaka bibi akatoka jikoni kuuliza kulikoni. Babu alikuwa na miaka themanini na moja, mimi thelathini na tisa. Kwetu Bagamoyo babu na mjukuu ni watani tangu mjukuu anapozaliwa: bibi ananiita mume wake mdogo, na babu ananiita mume mwenzake. Alisema nimemfuata kwa mkewe, sasa namfuata mpaka kwenye maradhi.

Yangu nilikuwa nimeificha. Nina duka la saruji pale Dunda, na ule uvimbe ulijitokeza nikishinda kubeba mifuko, nikilala ukarudi ndani. Hauumi, basi nikajiambia haupo. Babu ndiye aliyenigundua. Nilikohoa mbele yake, mkono ukaenda wenyewe kuzuia kinena, naye akanitazama kwa furaha isiyo na haya. Huo mkono aliujua, maana ndivyo alivyokohoa yeye.

Ya kwake ilikuwa kubwa, imejaa kiganja, na kila alipoinama ilimchoma. Kwa miaka miwili alikuwa anaswali ameketi kwenye kiti. Ngiri yenyewe aliifanyia mzaha, ila kiti hakukifanyia mzaha hata mara moja. Alikuwa ametuswalisha pale nyumbani tangu nina meno ya utoto, na alipoanza kukaa kiti akaacha, akisema hawezi kuwaongoza watu kwenda chini ambako yeye hafiki. Alichotaka ni kitu kimoja tu, kuweka tena paji la uso kwenye mkeka. Kwa ajili hiyo alikuwa tayari kupasuliwa.

Shangazi, mtoto wake wa kwanza, hakutaka kusikia. Mzee wa miaka themanini hapasuliwi, alisema, aachwe atulie na umri wake. Mimi nilimuunga mkono kwa sauti kubwa kuliko wote, na leo naweza kusema kwa nini: nilijua nikikubali babu apasuliwe, sitakuwa na pa kujificha. Nilikuwa naogopa kisu vibaya sana. Babu, baada ya kunigundua, akakata shauri kwamba twende hospitali wote wawili, na shangazi aje asikie mwenyewe.

Daktari alikuwa binti mdogo kwangu kwa umri. Alimtazama babu anavyotembea, akampandisha ngazi na kumshusha, akampima presha, sukari na moyo. Shangazi akamuuliza kama haoni ile miaka themanini na moja iliyoandikwa kwenye faili.

"Naiona, mama," daktari akasema. "Lakini mimi napasua mwili, sipasui miaka. Moyo wake na mapafu yake yanaruhusu. Ninachoogopa ni siku utumbo utakaponasa pale, tumpasue kwa haraka akiwa hoi. Hapo ndipo umri utakapotudai."

Kisha akanigeukia. Yangu ndogo, akasema, haina maumivu, naweza kusubiri huku nikiiangalia. Nikashusha pumzi. Akaendelea kwamba nikiendelea kubeba saruji nitarudi tu, na kwamba mwili wa miaka thelathini na tisa unapona upesi kuliko utakavyopona baadaye. Uamuzi ni wangu. Shangazi ananitazama, daktari ananitazama, babu anatazama dari.

"Mwacheni, anafikiria," babu akasema kwa upole wa kuudhi.

Nikasaini, babu akasaini baada yangu. Shangazi naye akakubali, ila kwenye korido alinishika mkono akaniambia kwamba baba yake akimfia mle ndani hatanisamehe. Hakuwa anatania.

Tulipigwa ganzi ya mgongo asubuhi moja, yeye kwanza, mimi baadaye, na mchana tulikuwa tumelala vitanda viwili vilivyopakana, miguu imekuwa kama ya watu wengine. Muuguzi akatangaza kwamba haruhusiwi kutoka mtu ambaye hajakojoa. Basi yakawa mashindano. Kila mmoja anamuuliza mwenzake habari za kibofu kwa heshima zote, na wodi nzima inasikiliza. Nilishinda, lakini babu, kama inavyowatokea wazee wengi, ilibidi awekewe mpira wa mkojo na kulala hapo hadi kesho yake. Kwenye maumivu akanilipa. Mimi niliugulia siku tatu, yeye anameza panadoli na kuomba uji. Daktari alipotuambia kwamba vijana ndio hulalamika zaidi, babu alimwomba arudie ili shangazi asikie vizuri.

Nyumbani balaa lilikuwa kucheka. Tuliambiwa tukikohoa au kucheka tukandamize mto kwenye kidonda, na shemeji yake babu akaja kutoka Lugoba kutujulia hali. Alijifunga kanga ya bibi kiunoni, akatuigiza tunavyokwenda chooni tumeshika ukuta, mmoja mbele mmoja nyuma. Tulilia na mito yetu, tunamwomba aache. Bibi akamtoa nje.

Wiki ya tatu mimi nilikuwa nimeshakwenda Mapinga na kurudi. Babu alifika getini akachoka. Akisimama kichwa kinamzunguka, chakula hakimwingii, na kiti kile bado anakalia. Shangazi alikuwa akiniangalia tu, na mimi nilikuwa naumia kuliko nilivyoumia kwa kidonda. Daktari alikiona kidonda kimefunga, akasema mzee anahitaji muda mrefu kuliko mimi, na asujudu pale mwili utakapomruhusu.

Mwili ulimruhusu wiki ya saba, alasiri. Alitawadha bila kutuambia, akasimama mbele kwenye mkeka. Nikajipanga kuliani kwake, nyuma kidogo, bibi na shangazi nyuma yetu. Akarukuu, akainuka, akashuka chini taratibu, paji likagusa mkeka. Tukashuka naye.

Hakuinuka. Maamuma hainui kichwa kabla ya imamu, kwa hiyo tulibaki chini. Nikamaliza tasbihi zangu, nikazirudia, nikazirudia tena. Nikasikia pumzi za shangazi zinabadilika. Nikawaza kwamba amekufa, na mimi ndiye niliyemsainisha kwa kusaini yangu.

Kisha ikaja takbira, ya sauti nzito, ile ya zamani.

Tulipotoa salamu shangazi alimfuata kwa magoti. "Baba, ulikuwa unafanya nini kule chini?"

"Miaka miwili sijafika pale, mwanangu. Nilikuwa na mengi. Nimeanza kwa kukushitaki wewe."

Nikacheka mimi, akacheka bibi, na shangazi akawa wa mwisho, anacheka na kulia pamoja, ameushika mkono wa baba yake hataki kuuachia.