Kizibo cha Kassimu

Watu wa Baraka, mji wetu wa ufukoni, wakitaka kunitania, mimi Rehema, huniambia nimerithi hasira za marehemu baba yangu, Uledi. Sikatai. Ila hakuna anayeuliza yeye alizipata wapi. Alizipata kwenye lori, mwaka 1956, na mpaka leo nikisimulia habari hiyo damu inanichemka.

Baba alikuwa dereva wa kampuni moja ya pamba. Kazi alijifunza Uvira, akiosha magari ya watu miaka minne kabla ya kuruhusiwa kushika usukani. Siku zile dereva alikuwa mtu mkubwa. Mama alisema akienda sokoni wenzake walimpisha achague samaki kwanza. Mara tatu kwa wiki lori lilipanda Fizi na chumvi na vitambaa, likashuka na marobota ya pamba ya kupakiwa melini. Lilikuwa kuukuu, mlango mmoja ukifungwa kwa kamba, na baba alilipenda kuliko baadhi yetu, watoto wake. Sifanyi mzaha.

Mkubwa wake alikuwa Mbelgiji ambaye watu walimbandika jina la Bwana Kipimo. Alijitafutia mwenyewe. Kabla ya kila safari na baada yake alitumbukiza kijiti chenye alama ndani ya tangi la petroli, akakichomoa, akakitazama, kisha akamtazama baba. Kwa akili yake, mtu mweusi hawezi kukaa karibu na petroli ikabaki vile vile. Hakuwahi kuona imepungua isivyo haki, lakini hilo halikumfundisha kitu.

Mwezi wa tano kifuniko cha tangi kikaanguka njiani. Kilikuwa cha chuma, na katikati kilikuwa na kitundu ambacho sindano ingepita kwa taabu. Baba alidhani kile kitundu ni kutu. Hakuna aliyewahi kumweleza kazi ya kitundu hicho. Bwana Kipimo hakungoja kifuniko kingine kitoke Bukavu. Alimwita baba yangu mkubwa, Kassimu, fundi wa mashua pale ufukoni, akamwagiza kizibo ambacho mwizi hatapata hata pa kuingiza ukucha.

Sasa umpe Kassimu kazi ya namna hiyo! Yeye maisha yake yote alikuwa akiziba nyufa za mashua kwa pamba, maji ya ziwa yasipenye. Akachonga mti mgumu, akauzungushia pamba tabaka juu ya tabaka. Kwa vile baba alimwonya kwamba petroli inakula mafuta, akaikandia pamba kwa sabuni badala ya mawese, akaigongelea kwa nyundo kama anavyofanya kati ya mbao mbili. Kisha akakijaribu: akaziba nacho dumu la maji, akalipindua chini juu, akakaa analitazama tangu adhuhuri mpaka adhana ya alasiri. Halikutoka tone.

"Hapa hata pumzi haipite," akasema, kifua mbele.

Bwana Kipimo akafurahi. Akaongeza mkanda wa chuma na kufuli, ufunguo akautia mfukoni mwake, na kwa kuwa sasa kulikuwa na kufuli, akaacha kupima kila safari.

Tangu siku hiyo lori likaanza kuugua. Asubuhi haliwaki mpaka manivela, kile chuma cha mbele ya injini, izungushwe na viganja vitoke malengelenge. Siku nyingine likiwaka linakwenda kilomita saba, nane, na pale mlima wa Fizi unapoanza linakohoa, linazima. Baba hakuacha kitu. Alifungua plagi, akaona cheche ni za buluu na zina nguvu. Alifungua kabureta, akaisafisha. Aliangalia kikombe cha kuchujia petroli, hakuna maji wala uchafu. Alipuliza mpira wa petroli, akaufunga tena. Lori likawa vile vile.

Kila lilipozima, mtu alitumwa Baraka, na Bwana Kipimo akaja na pikipiki yake, amekunja uso. Jambo la kwanza hakugusa injini. Alifungua kufuli, akang'oa kizibo, akatumbukiza kijiti. Petroli yote ipo. Akafunga. "Washa," akasema. Na lori, bila haya, likawaka.

"Essence iko, kamio inawaka," alimwambia baba mbele ya wapakiaji, yaani petroli ipo na lori linawaka. "Sasa mugonjwa ni nani? Ni we, Uledi."

"Bwana, mi nasema kweli. Inazima yenyewe."

"Ikiniona mi, inapona?"

Wapakiaji wakacheka. Walicheka, watu wa kwetu, ambao baba aliwabeba bure siku za msiba! Naye akapanda, akashika usukani. Kweli lilikuwa likipona. Mambo yalikwenda hivyo miezi mitatu, mara tisa lori kuzima na mara tisa likawaka mbele ya yule bwana. Nyumbani baba hakula vizuri. Mama akimuuliza, alimkaripia, na hakuwa mtu wa kumkaripia.

Mara ya tisa ilikuwa Alhamisi. Bwana Kipimo hakupiga kelele. Alisema polepole kwamba amekwisha kuelewa: Uledi anazima lori kusudi, apate kuwauzia watu wa kando ya njia chumvi ya kampuni.

"Samedi ikizima tena, kitabu yako unaleta kwangu. Nitaandika mwizi." Samedi ndiyo Jumamosi, kesho kutwa.

Kila mfanyakazi alikuwa na kitabu cha kazi, na mkubwa ndiye aliyeandika ndani yake. Aliyeandikiwa neno lile hakupata usukani tena, si Baraka, si Uvira, si Bukavu. Baba hakuwa amechukua hata chembe ya chumvi.

Ijumaa, baada ya swala, alirudi kwenye lori peke yake. Akaliwasha kwa taabu zile zile, akaliacha likiunguruma pale pale mpaka likafa lenyewe. Hapo hapo akachomoa mpira kwenye pampu, akautia mdomoni avute petroli. Petroli haikuja. Na alipotaka kuutoa, mpira ukamshika ulimi. Ulikuwa unavuta! Petroli ilikuwa inarudishwa nyuma, ndani ya tangi. Akakaa chini kwenye mchanga, ulimi unamwasha, akaanza kukumbuka mara zote tisa. Bwana Kipimo hakuwa ameponya kitu. Alikuwa amefungua kizibo tu, tangi likavuta pumzi.

Akaenda mbio kwa kaka yake.

"Kaka, kizibo yako njo inaua kamio."

"Kizibo yangu?" Kassimu akasimama na nyundo mkononi. "Inavuja wapi? Nionyeshe!"

"Haivuje. Hiyo njo maradi yenyewe. Tangi haipate hewa."

"Mi naziba mashua miaka makumi mbili, hakuna mutu alinirudia kusema imezibwa sana!"

Ilibidi mama na mke wa Kassimu waingie kati. Kutoka hapo baba akaenda kwa Bwana Kipimo, akamweleza yote, mpira na ulimi na kizibo. Yule bwana akacheka mpaka akafuta macho.

"Leo mwizi ni kizibo?"

Baba angeweza kupitisha msumari kwenye kile kizibo akamaliza kazi. Lakini tundu kwenye kizibo lingekuwa ushahidi wa wizi, na neno lingeandikwa siku hiyo hiyo. Alijua. Basi Jumamosi asubuhi alisimama mbele ya ofisi, kitabu chake mkononi.

"Bwana, twende wote Fizi. We utaendesha. Ufunguo ikae mu mufuko yako."

Bwana Kipimo alikubali, maana alitamani sana kumfumania. Akashika usukani mwenyewe. Penye mlima lori likakohoa, likazima. Akalijaribu, wapi. Akashuka, akashika manivela, akazungusha, shati likamganda mgongoni. Akavua kofia, akazungusha tena. Baba alisema hajawahi kuona mzungu akizungusha manivela, na kwamba hakusogea hata hatua moja kumsaidia. Wapakiaji walikuwa juu ya mizigo. Safari hii hawakucheka.

"Fungua kizibo," baba akasema mwishowe. "Usipime. Fungua tu."

Akafungua. Tangi likavuta hewa kwa sauti ndefu ambayo hata waliokuwa juu waliisikia. Baba akapanda, akagusa starta, lori likaunguruma mara moja.

Bwana Kipimo akakigeuza kizibo mkononi. Kisha akauliza, "Mbona haukusema?"

"Nilisema, Bwana. Jana nilisema, na Bwana alicheka."

Bwana Kipimo akatoa kisu, akatoboa tundu katikati ya kizibo, na lori likapanda mpaka Fizi bila kukohoa. Walipofika alidai kitabu, akaandika mistari miwili, akatia sahihi, akarudisha. Ile kufuli hakuifunga tena kwenye tangi.

Baba hakujua Kifaransa. Alikwenda kwa Jacques, mwalimu wa misheni pale Fizi, akamwomba amsomee. Jacques akasoma mara moja kimya, kisha akamfasiria: "Dereva mtiifu. Hitilafu ya lori, iliyosumbua miezi mitatu, nimeigundua mimi mwenyewe."

"Soma tena," baba akasema.

Akasoma tena.

"Na hapa chini, banaandika nini?"

"Jina lake. Ameweka sahihi."

Baba akakikunja kile kitabu, akakitia mfukoni. Aliendesha lori miaka mingine mingi, na kitabu ninacho mimi, kwenye sanduku, nimekisoma kwa macho yangu. Lakini siku ile Jacques alisema hajapata kuona mtu akitetemeka vile kwa hasira bila kupandisha sauti.

"Miezi tatu Bwana anatafuta mwizi," baba alimwambia. "Leo amemupata, na jina yake ameandika yeye mwenyewe."