Mbwa Aliyechimba Chini ya Jiwe la Asih

Men Asih hakuwa mtu wa kuandikiwa habari. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na mitatu, mfupi, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba katika mikutano ya kitongoji katibu alimwandika "hakuchangia" hata siku alizochangia. Aliishi kwa kusuka makuti machanga ya mnazi kuwa visahani vya sadaka, akiviuza kwa wanawake wenye kazi za ofisini wasiokuwa na muda wa kusuka vyao. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Nengah Rasmi, lakini huku kwetu milimani Tabanan mtu akishazaa huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, naye alizaa mmoja tu. Kwa hiyo alikuwa Men Asih, mama yake Asih, na angebaki hivyo mpaka siku ya kuchomwa maiti yake.

Asih aliolewa kiangazi na fundi friji wa upande wa Singaraja, kaskazini mwa kisiwa chetu. Siku hiyo aliketi mbele ya madhabahu ya ukoo akawaaga mababu zake, maana msichana akiolewa anahama na kwa mababu pia. Toka hapo anawapa sadaka wa mumewe. Men Asih alishika sinia muda wote bila kudondosha chozi, na watu wakamsifu kwa uvumilivu. Mimi nilikuwa jirani, nilisimama karibu. Ule haukuwa uvumilivu. Mikono yake ilikuwa imeganda kwenye lile sinia, tukaja kuitoa kidole kimoja kimoja.

Nyumbani vilibaki vitu viwili vya Asih. Kimoja ni jiwe lake, kushoto kwa mlango wa nyumba ya kulala, pale lilipozikwa kondo lake la nyuma ndani ya kifuu cha nazi siku aliyozaliwa. Kondo ni ndugu wa mtoto. Mtoto akienda popote, lenyewe linabaki nyumbani likimwangalia. Cha pili ni Bikul, yaani Panya, mbwa mweusi mwenye ukosi mwekundu wa mbwa waliochanjwa, ambaye Asih alimwokota akiwa mdogo kama jina lake.

Miezi saba baada ya harusi, asubuhi, Bikul alilisukuma lile jiwe kando, akachimba mpaka mabega yakazama, akatoka na kipande cha kifuu kilichooza mdomoni.

Mahali pengine mbwa akichimba uani watu humfukuza wakaendelea na chai. Kwetu mbwa akichimba hapo, kila mtu anauliza habari za mtoto. Kufikia saa tatu wanawake wanne walikuwa wameshapita kwa Men Asih kumwambia wasiwe wao wa kusema neno baya, halafu wakalisema. Mmoja alishaota Asih amesimama ndani ya maji. Men Asih alifukia shimo kwa mikono yake, akaenda kwa mganga, akaambiwa atoe sadaka yenye bata. Alitoa. Kesho yake Bikul alichimba mara mbili.

Aliyetaka kulimaliza jambo hilo alikuwa Pan Lodra, yaani baba yake Lodra, kaka mkubwa wa marehemu mumewe. Ua ni mmoja, nyumba zao zinatazamana, na yeye ndiye anayetunza madhabahu ya ukoo. Si mtu mbaya. Ni mtu anayependa kila kitu kiwe mahali pake, na kwa mawazo yake mahali pa mbwa huyo palikuwa ndani ya kapu la yule bwana wa pikipiki anayenunua mbwa kijiji hadi kijiji. Hakuna anayemuuliza yule bwana anawapeleka wapi, kwa sababu wote tunajua.

"Shemeji," alimwambia, "baada ya siku tisa ni sikukuu ya madhabahu yetu. Ukoo mzima utakuja hapa. Nikimwona yule mnyama na udongo puani siku hiyo, anaondoka."

"Ni mbwa wa Asih, Bli," alisema Men Asih. Bli ni kaka.

"Asih ana mbwa wa mumewe sasa."

Hapo ndipo Men Asih aliponiita. Niliwahi kusoma stashahada ya mifugo mihula mitatu, nikaacha tukiwa tumefika kwenye minyoo ya kuku, na hiyo ilitosha kunifanya mtaalamu wa eneo zima. Pan Lodra huniita daktari nusu. Alipouliza ni nusu ipi iliyokuja siku hiyo, ya juu au ya chini, nilimjibu kwamba nimekuja na ile inayofikiri, nyingine nimemwachia yeye. Sikupaswa kusema hivyo. Tangu hapo hakumtazama mbwa tu, alinitazama na mimi.

Sikuwa na dawa yoyote. Nilichokumbuka kutoka darasani ni sentensi moja ya mwalimu mmoja mnene: kabla hujamuuliza mnyama ana nini, muulize anapata nini. Nikachukua daftari, nikakaa kwenye kibaraza cha Men Asih siku tatu nikimsaidia kusuka vibaya, huku nikiandika kila alichofanya Bikul na kila kilichotokea baada yake.

Bikul alichimba kila siku asubuhi, dakika chache baada ya Men Asih kumaliza kupika. Sasa, kila nyumba kwetu ikishapika hutenga wali kidogo kabla ya mtu kula, punje chache juu ya kipande cha jani la mgomba, zikawekwa jikoni, mtungini, langoni, madhabahuni, na juu ya jiwe la mtoto. Kuku na mbwa huzila baadaye na hakuna anayejali. Lakini juu ya jiwe la Asih hazikuwekwa punje. Iliwekwa konzi nzima ya wali, kipande cha samaki wa kukaanga, vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikakauka, na pilipili pembeni ili isiguse wali, jinsi Asih alivyopenda. Mafuta yalichuruzika jiweni yakaingia udongoni, miezi saba, kila siku. Hata mimi nilipoinama pale nilisikia njaa.

Na yeye Men Asih alikula wali kwa chumvi. Samaki alinunua mmoja, na yule mmoja alikuwa juu ya jiwe.

Jambo la pili lilinichukua muda zaidi kuliona. Tangu Asih aondoke, hakuna aliyemwita Bikul kwa jina. Alilala, aliamka, alizunguka, kama kiti. Lakini akichimba, Men Asih alitoka mbio, akapiga magoti, akamshika miguu ya mbele, akamfuta pua kwa kitambaa cha maji huku akimsihi. Bikul, kwa nini unanifanyia hivi, Bikul, unataka kuniambia nini. Robo saa nzima. Mkia ulikuwa unafagia ua.

Siku ya nne nikamwambia. Nilikuwa nimejipanga kuanza na mzaha, nikaona uso wake, nikauacha.

"Mama, huyu hachimbi kwa ajili ya Asih. Anachimba kwa sababu ya samaki. Na kwa sababu ukimkuta anachimba ndipo unaongea naye."

Aliendelea kusuka. Nikamweleza kwamba jiwe lipewe punje chache kama zamani, Bikul apewe chakula chake upande wa jikoni saa ileile, na akichimba asiambiwe kitu, asitazamwe, ageuziwe mgongo tu.

"Kwa hiyo mwanangu nisimpe chakula."

"Mpe kidogo. Kama sehemu nyingine."

"Sehemu gani?"

"Kama langoni. Kama mtungini."

"Asih si mtungi," alisema, akanichukulia mkononi yale makuti niliyokuwa nasuka. "Nenda kwenu, mwanangu."

Nilienda. Siku mbili hakuniita, na kutoka kwetu nilisikia harufu ya samaki kila asubuhi, nikajua mambo yako vilevile. Zilibaki siku tatu.

Kilichombadilisha sikukiona. Alinisimulia mwenyewe baadaye, kwa sauti yake ile inayokulazimu uiname. Alimpigia Asih simu, akiwa amekusudia kumwambia aache kila kitu aje nyumbani, kwamba jiwe lake limefukuliwa na kuna hatari. Asih alipokea akiwa anatafuna. Akaomba radhi, akasema wako mezani, mama mkwe amepika mchuzi wa nguruwe na kila mtu anagombea ukoko wa wali. Men Asih alimuuliza kama anakula vizuri. Asih akacheka, akasema amenenepa mpaka sketi za kazini hazifungi. Akauliza, kulikuwa na neno gani, Meme? Meme ni mama. Men Asih akasema hakuna neno. Hakukata simu. Alimsikiliza binti yake akitafuna mpaka akamaliza.

Asubuhi iliyofuata aliweka juu ya jiwe punje saba. Najua ni saba kwa sababu alinihesabia.

Tukafanya kazi. Tuliondoa udongo wenye mafuta, tukaosha jiwe, tukajaza udongo mpya na kulilaza upya, naye akasema maneno ya kuomba radhi ambayo sikuyasikiliza kwa kuwa hayakuwa yangu. Bikul akawekewa bakuli lake jikoni. Nyuma ya banda la nguruwe nikachimba shimo pana, nikalijaza mchanga laini, Men Asih akafukia vichwa vya samaki mle, kwa sababu mbwa mwenye hamu ya kuchimba huwezi kumwambia asichimbe, unachoweza ni kumwambia wapi. Mchana akajilazimisha kumwita jina lake akiwa amelala tu, hana kosa. Mara ya kwanza Bikul aliinua kichwa akatazama nyuma, kuona ni Bikul yupi anayeitwa.

Kisha mambo yakaharibika. Siku ya kwanza alichimba mara tano. Siku ya pili sikuhesabu. Alipoona Men Asih haji, alichimba kwa nguvu zaidi, akabweka, akachimba tena, akamfuata na udongo usoni mpaka kibarazani. Nilikuwa nimesahau kumwambia kwamba kabla ya kuacha mnyama hujaribu kwa bidii zaidi, kama mtu anayebonyeza swichi mara kumi umeme ukiwa umekatika. Pan Lodra alitoka nje na kikombe cha kahawa, akatazama, akasema kumbe ile nusu inayofikiri imebaki chuoni. Men Asih alikuwa amekaa akigeuzia jiwe mgongo, amelishika kuti kwa mikono miwili, na kila mbwa alipobweka mabega yake yaliruka.

"Nikigeuka mara moja tu?" aliniuliza.

"Ukigeuka mara moja tunaanza upya, Mama. Na hatuna siku za kuanza upya."

Hakugeuka.

Siku ya sikukuu ua ulijaa toka alfajiri. Ukoo ulikuja na masinia, nguo nyeupe, watoto, na nyama ya nguruwe kwenye mishikaki ya mianzi, harufu ya kumtia mbwa yeyote wazimu. Nilitaka afungwe kamba. Pan Lodra akakataa, akasema mbwa aliyefungwa hatuthibitishii lolote, na kwa hilo alisema kweli. Saa nne pikipiki ikasimama langoni. Yule bwana alishuka, akaegemea kapu lake, akawasha sigara kwa utulivu wa mtu ambaye siku zote hupewa anachofuata. Alikuwa ameitwa mapema.

Men Asih alikuwa kibarazani na wanawake wengine, akibana visahani kwa vijiti vya mianzi. Bikul akatoka jikoni, akapita katikati ya miguu ya watu, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye jiwe.

Wanawake wakanyamaza mmoja baada ya mwingine. Mbwa akanusa zile punje, akazila. Akanusa ukingo wa jiwe. Akainua mguu wa mbele akakwaruza mara moja, akasimama hivyo, kichwa amemgeukia Men Asih, akingoja.

Yule mama alimwona. Nilimwona akimwona. Kisha akajizungusha pale alipokaa, polepole, mpaka mgongo wake ukaelekea jiwe na mlango na mbwa, akachukua kuti jingine. Kijiti kikamchoma kidole, akaendelea kubana.

Bikul akakwaruza tena, kidogo. Akangoja. Sigara ya yule bwana ilifika kwenye kichungi. Kisha mbwa akashusha mguu, akapiga chafya, akaondoka kwa mwendo wa kawaida kuelekea nyuma ya banda la nguruwe, na baada ya muda tukaona mchanga unaruka.

Pan Lodra alitazama ule mchanga. Alikuwa amevaa kilemba cheupe cha sikukuu, na sura ya mtu aliyelipia tiketi ya onyesho jingine. Akaenda langoni. Hatukusikia alichosema, ila yule bwana alirudisha kofia yake kichwani na pikipiki ikashuka mteremko na kapu tupu. Pan Lodra aliporudi alinipita bila kunitazama.

"Ule mchanga utaujaza wewe kila wiki," alisema. "Siyo mimi."

Nikasema sawa, Pan. Hayo tu.

Wanawake wakaanza tena kuongea, kwa sauti kubwa kuliko mwanzo, kama watu wanavyofanya baada ya kushika pumzi. Masinia yakabebwa kwenda madhabahuni. Men Asih peke yake hakuwa amegeuka. Alibaki vilevile, mgongo kwa jiwe, makuti yamekwisha mapajani na mikono bado inapapasa.

Nikachuchumaa mbele yake. Nilidhani hajaona.

"Mama, ameondoka. Unaweza kugeuka sasa."

"Najua," alisema. "Niache kidogo."

Nikamwacha.