Mbio za Jumatatu kwa Kaka Musallam

Kaka yangu Musallam hakuwahi kukimbiza gari maishani mwake. Alikuwa dereva wa kukera, wa kupigiwa honi na malori kwenye barabara kuu. Lakini mbio za magari alizipenda mapenzi ya kijinga, tena hata hazikuwa zile za rali wanazozijua watu wa huku. Yeye alitaka za Kimarekani tu, za magari mazito yenye sura ya magari ya watu wa kawaida, yanayozunguka uwanja mmoja mpaka mtazamaji anashikwa na kizunguzungu. Niliwahi kumwuliza anaona raha gani pale. Akanijibu, "Nunu, huoni kwamba ile ni Kaprisi?"

Haikuwa Kaprisi hata kidogo. Lakini ujanani, tulipokuwa bado wageni Muscat kutoka Unguja na yeye akifanya kazi bandarini Mutrah, alinunua Kaprisi, gari kubwa la Kimarekani, ya mkono wa pili kwa shirika na mdogo wetu Bakhit. Asubuhi gari la huyu, jioni la yule. Ijumaa waliliosha pamoja uani, wakimwagiana maji na kutukanana kama watoto. Kisha mtu mmoja wa bandarini akawaletea kanda ya video ya mbio za Marekani. Walipoona magari yanayofanana na lao yanakwenda vile, wakapotea wote wawili, mpaka leo sijui kama walirudi.

Dishi za setilaiti zilipoingia, mbio zikaja nyumbani zenyewe. Wamarekani wanakimbia wakati sisi tumelala, kwa hiyo kituo kilikuwa kinaonyesha marudio Jumatatu baada ya Magharibi. Majlisi ya Musallam, sebule yake ya wageni kule Mawaleh, ikawa na siku yake. Walikuja watu wa bandarini, majirani, mashemeji, na wengine ambao hata hawakujua kutofautisha gari na gari, walifuata sambusa za marehemu mkewe. Sharti lilikuwa moja tu: aliyekwisha kumjua mshindi afunge mdomo wake. Jirani mmoja aliropoka jina la mshindi kabla mbio hazijafika nusu, Musallam akamnyang'anya kikombe cha kahawa mkononi. Yule bwana alikaa mpaka mwisho bila kahawa, na Jumatatu iliyofuata akarudi.

Bakhit hakukosa hata akiwa na homa. Alitoka kwake Al Khuwair na foleni yake yote, akaja akakaa kwenye mto wake wa kushoto, karibu na kaka yake.

Halafu likaingia lile la watoto. Noof, binti wa pekee wa Musallam, alikuwa amechumbiwa na Loay, mtoto wa Bakhit. Halua ilikwisha kuagizwa, kadi zimekwisha kusambazwa, Loay akasema hataki. Alikuwa na msichana mwingine moyoni. Hayo hutokea, na mimi sikumlaani kijana. Lakini kwetu baba wa mvulana anatakiwa aende kwa miguu yake, akae mbele ya baba wa msichana, aseme, "Tumekukoseeni, tusameheni." Neno dogo hivyo. Bakhit hakulisema. Aibu ilimshika, na kila siku iliyopita ilizidi kumshika.

Jumatatu alikuja. Nilikuwepo, na nakwambieni sote mle ndani tuliacha magari tukamtazama yeye. Alitoa salamu, akaketi kwenye mto wake. Musallam akammiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe. Kisha wakazungumza habari za matairi.

Ikawa hivyo miaka. Salamu, kahawa, magari, kwaheri. Walikuwa wakipendana, na kila mwenye macho alikuwa akiona, lakini lile neno lilikaa katikati yao na hakuna aliyeligusa. Nilikuwa nikipandwa na hasira mpaka nashindwa kula. Siku moja nilimbana Musallam jikoni kwake.

"Kaka, wewe bado una kinyongo na Bakhit?"

"Nnacho wapi? Nilimsamehe zamani."

"Basi mwambie!"

"Nimwambie nini, na yeye hajasema kitu? Aseme yeye kwanza. Neno moja tu, khalas, nimkumbatie. Nnalingoja kila Jumatatu, Nunu."

Kila Jumatatu. Hilo ndilo lililomfanya mtu mzima yule apange vikombe tangu Alasiri.

Majlisi ikaanza kupungua. Wazee wa bandarini wakafa, mmoja baada ya mwingine. Vijana walikuwa wakiamka asubuhi wamekwisha kuona kwenye simu nani kashinda na nani kapinduka, wanaitazama ile ajali kwa kidole, basi, wameshiba. Nani tena akae kungoja marudio? Ikafika mahali wanaokaa mbele ya ile televisheni kubwa ni ndugu wawili tu, na Noof akipita na birika.

Jumatatu moja wakafungua kituo, wakakuta watu wanacheza biliadi. Noof akatafuta habari kwenye simu yake, akaja kuwaeleza: watazamaji wamekuwa wachache, kituo kimeacha kuonyesha, mbio zimehamia kwenye mtandao. Anayezitaka alipie, atazame kwenye simu au kwenye televisheni yenye intaneti. Musallam alimwuliza mara mbili, kama vile binti ndiye aliyeziondoa. Wakatazama biliadi.

Nilidhani ndiyo basi tena, Bakhit hatakuja. Akaja Jumatatu iliyofuata. Safari hii kilikuwa kipindi cha mapishi, mpishi wa Kishami anajaza nyama ndani ya mamumunye. Wazee wawili wamekaa na sura za msibani, wanamtazama yule mpishi kama ndiye anayeongoza mbio. Mimi na Noof tulikuwa nyuma ya pazia tunajiziba midomo kwa kucheka. Halafu kicheko kikanikatika, maana niliona. Magari hayapo na huyu mtu bado amekuja. Nikamshika Noof mkono, nikamnong'oneza, "Leo atasema."

Bakhit akakohoa. "Kaka," akasema.

"Naam, ndugu yangu."

Musallam alikuwa amemgeukia mwili mzima. Bakhit akamtazama, akatazama mkeka, akarudisha macho kwenye televisheni.

"Huyu kazidisha chumvi," akasema.

"Wallahi kazidisha," akajibu kaka yangu.

Siku ile nilitamani kutoka nyuma ya pazia niwagonganishe vichwa. Ingekuwa heri.

Alipoondoka Bakhit, Musallam hakulala vizuri. Aibu ilimwingia kwa upande wake. Mgeni anakuja nyumbani kwangu, akasema, na mimi sina cha kumwekea mbele, nnamkalisha kumwonyesha mamumunye. Akamwambia Noof alipie hizo mbio. Mpaka hapo sawa. Lakini akapata na wazo jingine, ambalo lilitoka kwenye moyo safi kabisa, na mpaka leo nikilikumbuka nashika kichwa. Alisema goti la Bakhit linamsumbua na foleni ya jioni inamtesa. Alisema huyu akingojwa aseme, atakufa hajasema, basi acha mimi nitangulie. Kwa kuwa kwetu mtu hatangulii kwa mdomo, alitaka kutangulia kwa zawadi, amlipie na Bakhit. Na zawadi ipite mkononi mwa Noof, yule yule aliyekosewa, ili Bakhit akiona imetoka kwa Noof ajue kwamba yamekwisha, hakuna tena la kusema.

Noof alifurahi. Yeye alikwisha kumsahau Loay zamani, ana kazi yake na maisha yake. Alimfungulia ami yake kila kitu, akamtumia kwenye simu, na chini akaandika: "Ami, baba anakusalimu. Anasema sasa utazame nyumbani kwa raha zako, usijisumbue tena na njia."

Bakhit akajibu: "Allah amlipe kheri. Msalimie sana."

Jumatatu hakuja.

Musallam alikuwa amepanga vikombe, ameweka halua, na mbio zimejaa kwenye televisheni safi kuliko zamani. Kila gari lililopita nje aligeuza shingo. Ikaadhiniwa Isha, akaenda msikitini, akarudi, akazima. "Goti," akatuambia. Jumatatu ya pili akapanga vikombe tena. Ya tatu akapanga.

"Mpigie simu," nikamwambia.

"Mimi nimekwisha kutangulia, Nunu. Nilimtuma Noof mwenyewe, kuna kubwa zaidi ya hilo? Sasa zamu yake."

Nikaenda Al Khuwair kwa Bakhit. Nikamkuta kakaa vizuri, goti halina neno. Nikamwuliza mbona haendi kwa kaka yake.

"Si kaniletea magari hapa hapa, dada? Natazama." Akacheka, na nilijua kicheko kile hakina kitu ndani.

"Bakhit, kaka yako anakutaka."

"Nitakwenda, inshallah."

Ile inshallah yetu ya kumwondolea mtu njiani. Nilirudi nikamwambia Musallam kwamba Bakhit si mzima wa moyo, aende yeye. Akasema ataonekana anamdai neno. Sikukuu walikumbatiana msikitini katika umati, wakaulizana hali, wakaachana. Yakapita majira ya joto na mengine yakaja. Jumatatu vikombe vilipangwa, na Noof alivirudisha kabatini visafi.

Bakhit alianguka Jumatano asubuhi mlangoni kwake, akitaka kuvaa viatu. Moyo. Hospitali walimpokea keshaondoka. Tulimzika baada ya Alasiri, na Musallam, kwa umri ule, aliingia mwenyewe kaburini kumpokea mdogo wake. Vijana walitaka kumzuia, akawasukuma.

Siku ya mwisho ya matanga alikuja kumpa pole Nasriya, mjane wa Bakhit. Nasriya yuko edani, kwa hiyo alikaa chumbani na mlango uko wazi, pazia limeshushwa. Musallam alisimama upande wa pili. Mimi nilikuwa karibu naye, na Loay nyuma yetu, macho yamemvimba.

"Shemeji," akasema Nasriya kutoka ndani, "Mungu akulipe kwa yale magari. Aliyatazama mpaka mwisho wake. Kila Jumatatu ikifika Magharibi keshaoga, kavaa dishdasha yake nzuri na kofia, kajifukiza udi, kakaa kwenye kiti na ile simu. Mimi nikamwambia, wewe baba Loay, umevaa hivyo, kwa nini usende? Akanambia, siwezi. Kaka kanipelekea sahani."

Neno lile mimi nililielewa pale pale.

Nyinyi pengine hamjui. Kwetu ikiwa kuna shughuli, unayemtaka anakuja anakula na wewe. Usiyemngojea, mgonjwa, au mtu ambaye kukaa naye ni kazi, unamfunikia sahani yake unampelekea kwake. Ni heshima, na anayepelekewa hushukuru. Lakini akishapokea sahani, haji tena mlangoni kwako. Hakuna anayemwambia asije.

Musallam alikuwa amekamata mwimo wa mlango. "Sahani?" akauliza.

"Ndivyo alivyosema. Kwamba Noof bado ana uchungu, na ni haki yake, na wewe umemfungia mlango kwa heshima ili usimwaibishe. Hakukulaumu, shemeji, wallahi hata siku moja. Alijilaumu yeye. Maana ile jioni ya mpishi alirudi hapa, akanambia, Nasriya, leo nimekaribia sana. Jumatatu ijayo nnamwambia kaka anisamehe."

Ndani tulimsikia Nasriya akilia kwa sauti ya chini. Loay akapita mbele yangu, akapiga magoti, akaushika mkono wa ami yake kwa mikono yake miwili.

"Ami, wewe ulikuwa umemsamehe?"

"Tangu siku ile ile."

"Mbona hukumwambia?"

Kaka yangu alimtazama yule kijana kwa mshangao, kama mtu anayeulizwa jambo ambalo kila mtu analijua.

"Nilimwambia," akasema. "Si nilimtuma Noof?"