Marehemu wa Bukoba, mzima wa Muleba

Juzi nilikuwa kwenye ofisi moja ya utafiti wa UKIMWI hapa Bukoba, inayowatibu bure watu inaowafuatilia. Mama mmoja wa Hamugembe alifika dirishani kuomba dawa ya kikohozi. Karani akatazama kompyuta, akavua miwani, akamtazama mama.

"Waitu mama, humu umeshafariki."

"Nani kasema?"

"Mimi mwenyewe nilipita kwako. Nyumba imefungwa, kibanja chako cha migomba kimejaa magugu. Nikajua basi tena."

"Nilikuwa Muleba, nalea watoto wa marehemu dada yangu!"

Karani akawapigia simu wenzake wa Muleba. Kwenye kompyuta yao mama alikuwa mzima kabisa. Walishamwandika tangu mwezi uliopita, ila disketi ya kuleta habari hizo Bukoba ilikuwa bado haijapata gari.

Miaka hii tumezika wengi mno, mpaka magugu nayo tunayaamini.

Mama alipewa dawa, lakini hakuondoka dirishani.

"Mwanangu, humo kwenye mashine utanifufua ukipata nafasi," alisema. "Ila Jumamosi uje na jembe. Kibanja kilichoniua utakipalilia wewe."