Kitanda cha Seonag

Shangazi yangu Dolina hakuwahi kushindwa na mtu kwa maneno, ila siku ile alishindwa na karatasi. Torcuil, mtu wa ramani kutoka mjini Stornoway, aliitandaza mezani kati ya birika la chai na skonzi, akaanza kumuuliza majina ya vilima na vijito vyetu. Jumatatu ramani ilikuwa inakwenda kuchapwa, na pasipoandikwa pangebaki peupe.

Shangazi alitaja majina kumi na moja, akakwama. Akalirudia lile la tatu. Torcuil akafunika kalamu yake kwa upole, na upole ule uliniudhi kuliko tusi.

"Si neno, Bi Dolina. Umri nao una haki yake."

"Umri wa nani? Wewe mtoto wa tarishi, baba yako alikuwa akipotea na barua zetu njia hiihii! Nileteeni viatu vyangu."

"Na goti lako, shangazi?" nikamuuliza.

"Litanifuata. Litakwenda wapi peke yake?"

Akachukua sindano zake na uzi, akatoka huku anafuma. Hapo ndipo nilipojiona mjinga. Majina yale hakuyajifunza amekaa kitini. Aliyajifunza utotoni, kila kiangazi kilipoanza, wasichana walipopandisha ng'ombe malisho ya juu wakifuma soksi njia nzima. Ukimpa meza, hana kitu. Ukimpa njia, utaandika mpaka uchoke.

"Hapa Kivuko cha Siagi, mwenzetu Effie alimwaga ndoo nzima ya siagi. Kile kule Kilima cha Mvivu, ukikipanda utajua kwa nini. Mbele yako Kimezaji."

Torcuil, macho yakiwa daftarini, akapiga hatua, akazama matopeni mpaka gotini.

"Nimekutajia jina lake," shangazi akasema bila kuacha kufuma. "Unadhani tuliyatoa kwa ajili ya urembo?"

Kufikia saa nane mchana yalikuwa majina arobaini na matatu. Tukafika juu, penye magofu ya vibanda vya malisho na kijiwanja cha nyasi kinachopigwa jua. Sindano zikasimama.

"Hapa ni Kitanda cha Seonag."

Torcuil akapekua daftari lake. "Hili sijalipata kwa mtu mwingine, na sheria yetu jina liwe na mashahidi wawili. Yale mengine Fionnlagh mchunga kondoo ananithibitishia."

"Hili Fionnlagh atalijuaje? Tulilitoa sisi wasichana. Wenzangu wote wamekufa." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Basi, liache."

"Asiliache!" nikasema. "Mimi ni shahidi. Tangu nina miaka saba unanituma: nenda Kitanda cha Seonag, rudisha kondoo."

Torcuil akaandika. "Na maana yake?"

Maisha yangu yote nililitaja, na sikuwahi kuuliza.

Shangazi akaketi nyasini polepole, akipangusa mahali pale kwa kiganja.

"Seonag alikuwa shangazi yako, mdogo wangu mimi. Miaka tisa. Homa ilimkamata huku juu, tukamlaza hapa apate jua, tukimngoja baba apande. Baba alichelewa." Akamgeukia Torcuil. "Na maana nayo inataka wawili?"

"Hapana, mama. Mmoja anatosha."

"Basi andika. Na wewe, mwanangu, msogelee umtajie herufi. Ni wako pia."