Mkwe Aliyekula Kwenye Filamu Bubu

Jumamosi, kule Kapata, tulionyeshwa filamu ya zamani isiyo na sauti. Nusu ya kwanza imepotea. Nusu ya pili ilisalimika kwa sababu tata mmoja, mzee wa pale, aliificha ndani ya debe la unga. Mgeni aliyetuonyesha alisema hakuna ajuaye kwa nini ndoa ya mule ndani inavunjika.

Taa zikazimwa. Kijana wa kwenye filamu akaketi mezani na mama mkwe wake, akajaza nyama mdomoni. Ukumbi ukalipuka kwa mayowe.

"Anakula mbele ya mama mukwe!" mama mmoja alipiga kelele, mikono kichwani.

"Pengine balishamufanyia sherehe ya kumuruhusu," tata wa debe alimtetea. "Njo iko mu kipande ilipotea."

"Hapana, tata! Angalia uso ya ule mama. Hakuna mutu alimuruhusu."

Ndoa ilipovunjika, ukumbi mzima ulipiga makofi. Mgeni alibaki ameduwaa.

Nilicheka njia nzima. Nyumbani nikamkuta mama mkwe wangu amewasili kutoka Likasi, ameketi mezani, bukari, ugali wetu, inafuka moshi. Ruhusa yangu nilipewa zamani, kwa kuku na nyimbo. Lakini aliniangalia kwa uso kama ule wa mama wa kwenye filamu.

Nikabeba sahani yangu, nikaenda kula jikoni.